Ua la Usambara: Jani Moja Linatosha

1. UA LINALOOTA JUU YA JIWE

Katika somo hili hatutasoma juu ya mahindi wala maharage. Tutasoma juu ya ua moja dogo. Huenda utauliza, "Je, ua hilo linaliwa?" Haliliwi. Lakini ua hili limetoka katika misitu yetu, likaenda mbali, na leo linauzwa katika nchi nyingi za dunia. Kwetu wako watu wengi wasiolijua. Na pale linapoota lenyewe, linazidi kupungua. Kwa hiyo yafaa tulijue, tujifunze kulipanda, na tujue namna ya kulilinda.

Tutaliita ua la Usambara. Milima ya Usambara iko katika Mkoa wa Tanga, nchini Tanzania. Huko ndiko ua hili linakojulikana zaidi. Lakini haliko Usambara peke yake. Ndugu zake wengine huota katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Wengine huota nchini Kenya, katika Milima ya Taita na katika sehemu za Kilifi.

Litazame ua lenyewe. Mmea wake ni mdogo. Wote unaweza kuenea katika sahani. Majani yake ni manene kidogo, nayo yana vinyweleo laini kama manyoya ya kifaranga. Yamejipanga kwa mduara, karibu na ardhi. Katikati ya majani huchomoza vikonyo vyembamba, na juu ya vikonyo kuna maua. Rangi ya maua ni zambarau au bluu. Katikati ya kila ua utaona vidoto viwili vya manjano. Hivyo ndivyo vyenye chavua.

Sasa angalia mahali linapoota. Ua hili halipendi shamba wala jua kali. Huota msituni, chini ya miti mikubwa, mara nyingi kando ya kijito. Hushika juu ya miamba, katika nyufa za mawe. Mizizi yake ni mifupi. Hunywa maji yanayochuruzika juu ya mwamba, na hula mboji kidogo iliyokusanyika katika ufa. Mboji hiyo ni majani ya miti yaliyoanguka na kuoza.

Basi ukumbuke mambo matatu: kivuli, unyevu, na ufa wa jiwe usiotuamisha maji. Mambo hayo matatu ndiyo maisha ya ua la Usambara. Ukiyaelewa, utaweza kulipanda nyumbani kwako. Usipoyaelewa, litakufa mikononi mwako.

2. SAFARI YA UA

Wenyeji wa milimani waliliona ua hili tangu zamani. Walilipita njiani walipokwenda kuchota maji na kutafuta kuni.

Mwaka 1892, wakati Wajerumani walipokuwa wakiitawala Tanganyika, ofisa wao mmoja wa Tanga aliliona ua hilo. Jina lake lilikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Yeye alipenda sana mimea. Alilipeleka ua hilo kwa baba yake huko Ujerumani. Baba yake akamwonyesha mtaalamu wa mimea, Hermann Wendland, aliyekuwa akisimamia bustani kubwa katika mji wa Hannover. Mwaka 1893 mtaalamu huyo aliliandika katika elimu ya mimea na kulipa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya yule ofisa na baba yake. Kwa watu wa kawaida Ujerumani, jina la ua hili mpaka leo lina neno Usambara ndani yake.

Wakulima wa maua wa Ulaya walilipanda na kulizidisha. Baadaye likafika Marekani. Wataalamu wakachanganya mbegu za aina mbalimbali, wakapata maua meupe, ya waridi, mekundu, na yenye rangi mbili. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili huko Marekani waliunda chama chao. Leo ua la Usambara hukaa madirishani katika nyumba nyingi za nchi za baridi. Nje kuna theluji, ndani kuna ua la Tanga.

Fikiri juu ya safari hiyo. Mimea michache tu ilitoka kwetu. Huko ilikokwenda ilitunzwa, ikazaa maelfu na maelfu. Fedha zilizopatikana kwa biashara hiyo hazikurudi katika vijiji vya Usambara. Siku hizo hapakuwa na mapatano ya mataifa juu ya jambo hilo. Mwaka 1992, katika mji wa Rio de Janeiro nchini Brazili, mataifa yalifanya mapatano. Yalikubali kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida itokanayo na viumbe hivyo igawanywe kwa haki.

Hayo ni mambo makubwa ya serikali. Lakini na sisi wanakijiji tuna sehemu yetu. Huwezi kudai haki juu ya kitu ambacho umekiacha kikaisha.

3. MJUKUU NA UA MKONONI

Tuseme wewe ni bibi. Umekaa nje ya nyumba yako jioni. Mjukuu wako anakuja kutoka msituni. Mkononi ana ua la Usambara pamoja na mizizi yake yote. Mnazungumza hivi:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini?"

"Ua, bibi. Nimeling'oa kwenye mwamba kule kijitoni. Nataka kulipanda hapa uani."

"Hapa uani kwenye jua?"

"Ndiyo, bibi. Lipate jua, likue upesi."

"Kule mwambani yalikuwa maua mangapi?"

"Yalikuwa matano. Sasa yamebaki manne. Rafiki zangu wamesema kesho watakwenda kung'oa na wao."

"Nao wako wangapi?"

"Wanne, bibi."

Hapo mtoto ananyamaza. Amekwisha kufanya hesabu mwenyewe. Maua manne, watoto wanne. Kesho jioni mwamba utakuwa mtupu.

Je, utamwambia nini mjukuu wako? Ukimpiga, atajificha tu siku nyingine. Ukinyamaza, mwamba utabaki mtupu. Njia nzuri ni kumfundisha mambo mawili. La kwanza, ua la msituni halifai kung'olewa. Aina nyingine za ua hili huota katika mahali pamoja au pawili tu. Miamba michache ikimalizwa, aina hiyo imekwisha duniani. Tena katika msitu wa hifadhi ni kosa kuchukua mimea bila kibali. Wazee walisema: Chovya chovya humaliza buyu la asali.

La pili, mfundishe kwamba hakuna haja ya kung'oa. Ua hili lina jambo la ajabu. Ukipata jani moja tu kutoka kwa mtu anayelipanda nyumbani au katika bustani ya miche, jani hilo litakuzalia mimea mipya. Mmea mama hautakufa. Utaendelea kutoa maua.

Hayo ndiyo tutakayojifunza sasa.

4. NAMNA YA KUPANDA KWA JANI

Vitu unavyohitaji:

- Jani moja zima lenye kikonyo chake.
- Wembe safi.
- Kopo dogo au chungu kidogo.
- Mchanga wa mto ulioshwa.
- Mboji iliyooza vizuri.
- Vigae au vipande vya mkaa.
- Chupa ya plastiki nyeupe, inayopitisha mwanga, iliyokatwa kitako.

Hatua ya kwanza. Toboa matundu matatu au manne chini ya kopo. Kopo lisilo na matundu ni kaburi la ua hili. Weka vigae au vipande vya mkaa chini, ili maji yapite.

Hatua ya pili. Changanya mchanga na mboji, sehemu moja kwa moja. Ukitumia kikombe, basi kikombe kimoja cha mchanga na kikombe kimoja cha mboji. Mwagia maji yaliyochemka ili kuua wadudu na ukungu. Acha yapoe kabisa na yachuje. Halafu jaza kopo.

Hatua ya tatu. Chagua jani. Usichukue jani la nje kabisa, maana limezeeka. Usichukue la katikati kabisa, maana ni changa na huko ndiko moyo wa mmea ulipo. Chukua la mzunguko wa kati, lenye afya na lisilo na madoa.

Hatua ya nne. Kata kikonyo kwa wembe, kwa mshazari. Acha kikonyo chenye urefu wa sentimeta 3 hivi. Liweke jani kivulini kwa muda wa nusu saa ili kidonda kikauke kidogo.

Hatua ya tano. Toboa shimo kwa kijiti. Ingiza kikonyo kiasi cha sentimeta 2. Jani lenyewe lisiguse udongo, kwa sababu litaoza. Shindilia polepole kwa vidole.

Hatua ya sita. Nyunyiza maji kidogo pembeni mwa kopo. Funika kwa ile chupa iliyokatwa. Chupa hiyo hushika unyevu, kama vile msitu unavyoshika unyevu. Weka kopo mahali penye mwanga lakini pasipo jua. Kila siku funua kwa dakika chache ili hewa ibadilike.

Sasa subiri. Hapa watu wengi hushindwa. Baada ya wiki moja hawaoni kitu, basi huvuta jani ili watazame mizizi. Usivute. Mizizi huchukua kiasi cha wiki 3 hadi 4. Majani madogo hutokeza udongoni baada ya miezi 2 hadi 3. Mara nyingi jani moja hutoa mimea kadhaa.

Mimea hiyo ikifikia ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, itenganishe kwa uangalifu. Kila mmoja uwe na mizizi yake. Panda kila mmoja katika kopo lake dogo. Usizike moyo wa mmea. Majani yote yakae juu ya udongo. Ukiitunza vizuri, itaanza kutoa maua baada ya miezi 6 au zaidi tangu siku ulipopanda jani.

5. NAMNA YA KULITUNZA

Kumbuka mambo matatu ya mwambani: kivuli, unyevu, na maji yasiyotuama. Kazi yako ni kuyaleta hayo nyumbani.

Mwanga. Ua la Usambara linataka mwanga, lakini halitaki kupigwa na jua. Mahali pazuri ni barazani chini ya paa, au ndani karibu na dirisha. Jua laini la asubuhi mapema halina madhara. Jua la mchana huunguza majani. Lakini usiliweke gizani pia, maana gizani halitoi maua.

Maji. Maua mengi ya Usambara yanayopandwa nyumbani hufa kwa maji mengi, si kwa kiu. Kabla ya kumwagilia, gusa udongo kwa kidole. Ukiwa na unyevu, acha. Ukiwa mkavu juu, mwagilia. Usimwage maji juu ya majani. Vinyweleo vyake hushika maji, na maji ya baridi huacha madoa. Njia nzuri ni hii: tia maji katika sahani, weka kopo ndani ya sahani, acha linywe kwa nusu saa. Halafu mwaga maji yaliyobaki. Tumia maji yaliyokaa ndani ya nyumba, yasiwe ya baridi sana.

Hewa na joto. Ua hili hupenda joto la wastani. Kama unakaa sehemu za milimani zenye baridi kali, liondoe karibu na dirisha usiku. Kama unakaa pwani penye joto, liweke mahali penye kivuli na upepo mdogo. Kama kwenu ni pakavu, weka kopo juu ya vijiwe ndani ya sahani yenye maji kidogo. Kopo likae juu ya vijiwe, lisiguse maji. Maji yatapanda kama mvuke na kulainisha hewa.

Chungu. Usilipe ua hili chungu kikubwa. Umeona kwamba kwao hukaa katika ufa mwembamba wa jiwe. Chungu kikubwa hushika maji mengi, na mizizi huoza. Upana wa chungu uwe kama theluthi moja ya upana wa mmea. Kwa mfano, mmea wenye upana wa sentimeta 30 unataka chungu cha sentimeta 10. Badilisha udongo mara moja kwa mwaka.

Chakula. Mara moja kwa mwezi unaweza kulipa maji ya samadi. Loweka samadi iliyooza, chuja, kisha ongeza maji mpaka rangi iwe kama chai nyepesi. Usizidishe. Samadi kali huunguza mizizi.

Usafi. Ondoa maua yaliyonyauka na majani yaliyozeeka. Vumbi likiwa jingi juu ya majani, lifute kwa brashi laini iliyo kavu.

6. UA LINASEMA

Ua halina mdomo, lakini linasema kwa majani yake. Jifunze kusoma ishara hizi, kama unavyosoma herufi.

Majani yamekuwa ya manjano au yameungua pembeni. Maana yake jua ni kali mno. Lisogeze kivulini.

Vikonyo vya majani vimekuwa virefu na vimenyooka kuelekea dirishani. Maana yake mwanga hautoshi. Lisogeze karibu na mwanga. Tena ligeuze kidogo kila wiki ili likue sawasawa.

Mmea umenyauka, na udongo ni mkavu. Maana yake lina kiu. Lipe maji.

Mmea umenyauka, lakini udongo umelowa. Hii ndiyo hatari kubwa. Mizizi imeoza. Usiongeze maji. Chagua jani lililo zima, likate, ulipande kama ulivyojifunza. Mmea mama huenda ukafa, lakini mtoto atapona.

Kuna vitu vyeupe kama pamba kati ya majani. Hao ni wadudu wanaonyonya utomvu. Utenge mmea huo na mingine. Wafute wadudu kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti. Rudia baada ya siku chache, mpaka waishe.

Majani ya katikati yamejikunja na yamekuwa magumu. Mara nyingi huo ni utitiri, wadudu wadogo ambao macho hayawezi kuwaona. Ni vigumu kuwaponya. Afadhali uutupe mmea huo mbali na kuosha mikono kabla ya kugusa mingine.

7. MSITU NDIO NYUMBA YAKE

Ndugu msomaji, sasa unaweza kulea ua la Usambara katika kopo. Lakini ua la kopo si sawa na ua la mwambani. Maua ya madirishani huko Ulaya na Marekani yametokana na aina chache tu. Aina nyingine bado ziko kwetu, juu ya miamba yetu. Zikipotea hapa, hakuna dirisha litakalozirudisha zote.

Ni nini hasa kinachoziua? Watoto wanaong'oa ni sehemu ndogo. Adui mkubwa ni shoka na moto. Mti mkubwa ukikatwa, kivuli chake huondoka. Jua huupiga mwamba. Kuvumwani hukauka. Ufa uliokuwa na unyevu huwa mkavu kama kigae. Ua la Usambara hunyauka hata kama hakuna mtu aliyeligusa. Aliyekata mti huenda hakuliona ua kabisa. Alitaka mbao au shamba tu.

Katika Usambara misitu mingi imekatwa kwa vizazi vingi. Wakoloni wa Kijerumani walifyeka msitu wapande kahawa. Baadaye yakaja mashamba ya chai na kazi ya kupasua mbao. Wakulima nao walifyeka mimea ya chini ya miti ili kupanda iliki. Kila mmoja alikuwa na shida yake na sababu yake. Lakini msitu ulipungua.

Serikali na wananchi walianza kuchukua hatua. Mwaka 1997 Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, katika Usambara Mashariki. Hiyo ilikuwa hifadhi ya kwanza ya namna yake nchini. Amani pana historia ndefu ya elimu ya mimea. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti hapo mwaka 1902.

Msitu huo haulindwi kwa ajili ya ua tu. Vijito vya milima hiyo huingia katika Mto Zigi. Mto Zigi ndio unaowapa maji watu wa mji wa Tanga. Mama anayefungua bomba mjini Tanga huenda hajapata kuuona mwamba wenye ua la zambarau. Lakini kivuli kinacholinda ua lile ndicho kinacholinda na maji yake. Basi unapoona ua la Usambara linachanua kando ya kijito, ujue mahali hapo bado pana kivuli na unyevu. Unapoona limekauka, angalia juu. Huenda mti umekwisha kukatwa, na chemchemi ya kijiji imo hatarini pia.

Je, wewe ufanye nini? Usifyeke miti iliyo kando ya vijito na chemchemi. Usichome moto karibu na msitu. Waonyeshe watoto ua hili mahali linapoota, na uwaambie walitazame bila kuling'oa. Na kama unapenda ua, omba jani kwa jirani anayelipanda. Jirani yako naye akija kukuomba, usimnyime. Mpe jani. Hutapungukiwa na kitu.

Tena unaweza kupata fedha kidogo. Wasafiri na watu wa mjini hupenda maua ya barazani. Lakini uza miche uliyoizalisha mwenyewe kwa majani. Usiuze ua lililotoka msituni. Anayeuza ua la msituni anauza mara moja. Anayezalisha kwa majani anaweza kuuza kila mwaka, na mwamba unabaki na maua yake.

8. MANENO MAPYA

Chavua: unga mdogo wa ua ambao husaidia kutengeneza mbegu.

Hifadhi: mahali palipotengwa kwa sheria ili mimea na wanyama walindwe.

Kikonyo: kijiti chembamba kinachoshika jani au ua.

Kuvumwani: mimea midogo laini ya kijani inayoota juu ya mawe na miti yenye unyevu.

Mboji: majani na takataka za mimea zilizooza na kuwa kama udongo mweusi.

Mshazari: kukata kwa kulalia upande, si moja kwa moja.

Kutuama: maji kukaa mahali pamoja bila kupita.

9. MASWALI

Jibu maswali haya katika daftari lako.

1. Taja mambo matatu ambayo ua la Usambara linayahitaji.
2. Ua hili lilipelekwa Ujerumani baada ya kuonekana mwaka gani?
3. Kwa nini hatuchagui jani la nje kabisa wala la katikati kabisa?
4. Kwa nini kopo lazima liwe na matundu?
5. Mmea umenyauka na udongo umelowa. Utafanya nini?
6. Mti mkubwa ukikatwa, ua lililo juu ya mwamba hufa kwa sababu gani?

10. HESABU

Mama mmoja ana mmea 1 wa ua la Usambara wenye majani 14. Anakata majani 3 na kuyapanda. Kila jani linatoa miche 3. Kati ya miche hiyo, 2 inakufa kwa sababu mtoto aliimwagia maji mengi.

(a) Mmea mama umebaki na majani mangapi?
(b) Miche mipya mizima ni mingapi?
(c) Akiwapa majirani zake wawili mche mmoja mmoja, atabaki na mimea mingapi pamoja na mmea mama?

Majibu: (a) majani 11, (b) miche 7, (c) mimea 6.

11. MAJADILIANO NA KAZI YA KIKUNDI

Zungumzeni darasani: Je, katika kijiji chetu kuna mmea au mti ambao wazee waliujua, lakini sasa hauonekani? Uliota wapi? Ulipotea kwa nini? Mzee mmoja aeleze, na mwanakisomo mmoja aandike ubaoni.

Halafu wote mwende mpaka kwenye chemchemi au kijito cha kijiji. Hesabuni miti mikubwa iliyo karibu na maji. Andikeni hesabu hiyo pamoja na tarehe katika daftari la darasa. Baada ya mwaka mmoja, rudini mkahesabu tena. Mkikuta imepungua, pelekeni daftari hilo katika mkutano wa kijiji, na mmoja wenu asimame alisome mbele ya watu wote.